Njia ya Mkato

Mtaa mzima unamwita Fundi Chapuchapu, naye hulivaa jina hilo kama nishani. Duka lake la kompyuta lina vumbi la kuoteshea mbegu na kibao mlangoni: KAZI HAPO HAPO. Sijaona uvivu wenye kasi kama ule.

Mjane wa kaka yake, mshonaji, alimpelekea kompyuta iliyokuwa ikikata roho. Marehemu, alipojua hatapona, alirekodi humo maneno kwa kila mtoto, kila mmoja na folda yake. Kitinda mimba alikuwa bado tumboni. Aliahidiwa kumsikia babake siku ya kuanza shule.

"Shemeji, zichome kwenye CD," mshonaji alisema. "Folda zikae vilevile, za huyu zisichanganyike na za yule. Na uzijaribu kwenye mashine nyingine kabla hujafuta kitu."

"Kwani nimeanza kazi jana? Nenda kashone."

Badala ya kunakili folda zenyewe, alichoma vile vialama vya kwenye skrini viitwavyo njia ya mkato. Kialama si folda. Ni kidole tu kinachoonyesha folda ilipo. Akaijaribu CD kwenye kompyuta ileile, na sauti ikatoka, kwa kuwa ilikuwa bado mle ndani. Akaridhika. Akafuta kila kitu, akajaza filamu zake.

"Umejaribu kwenye mashine nyingine?" mshonaji aliuliza alipoifuata CD.

"Nimejaribu, shemeji. Safi!"

Uongo mkavu. Mashine nyingine ilikuwa kando ya kiwiko chake.

Siku ya shule ilipofika, mtoto aliketi na sare yake mpya mbele ya kompyuta yangu, maana mimi ni jirani yao. Majina ya folda yalijipanga vizuri, lake la mwisho. Tukabonyeza. Patupu. Tukabonyeza yote. Patupu.

Mshonaji alimshika mtoto mkono hadi dukani, nami nikafuatana nao.

"Ajali kazini, shemeji," fundi akacheka. Alicheka! "Si picha zake zipo?"

"Njia ya mwongo fupi, na wewe umeikata zaidi," mshonaji akasema. " Mweleze mtoto mwenyewe."

"Subiri, nina mteja."

Dukani hapakuwa na mteja. Mtoto akasogea mezani.

"Baba mdogo, wewe ulimsikia? Alisema nini?"

Fundi akainamia simu yake.

"Nilisikia kidogo tu, mwanangu. Nilikuwa na haraka."