Jina la Bandani na Jina la Mezani

Soko huria limetuletea Mbinga wanunuzi wa kahawa wenye magari mapya, na pamoja nao hoteli yenye menyu ya Kiingereza. Jumanne nilikuwa humo nakunywa chai, maana kahawa sisi tunalima tu. Mzee mmoja wa Mpepai aliingia, akaketi meza ya mbele, akagandamiza menyu kwa kidole gumba.

"Hii *pork* ni nini?"

"Nguruwe, mheshimiwa," alijibu mhudumu, dada wa makamo.

"Yule niliyemleta asubuhi kwa baiskeli?"

"Yuleyule."

Mzee akanigeukia, au tuseme alimgeukia niliyekaa naye, mwalimu mstaafu wa Kigonsera. "Mwalimu, si mlitufundisha nguruwe ni *pig*?"

Mwalimu akafuta miwani taratibu. "Zamani Uingereza ilitawaliwa na mabwana wasemao Kifaransa. Mkulima aliyemlisha nguruwe alimwita kwa lugha yake, *pig*. Bwana aliyemla akamwita kwa Kifaransa, ndiyo hiyo *pork*. Majina yote mawili yakabaki, la bandani na la mezani."

Mzee alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Kisha akamtazama mhudumu.

"Asubuhi, kule mlango wa nyuma, uliniita 'wewe wa nguruwe'. Sasa ni mheshimiwa."

Dada akainamia daftari lake.

"Niletee ugali na *pig*," mzee akasema, kwa sauti iliyowageuza wanunuzi wote wa kahawa.

Nami tangu siku hiyo najiuliza wanatuitaje wakishafunga vioo vya magari yao.