Bomba la Baba Mdogo

Nakumbuka Sabato moja, mwanangu, tulipovaa kanzu nyeupe tukashuka mtoni kubatizwa, tukarudi vilevile tulivyokwenda. Ilikuwa miaka ya tisini, chini ya soko la Oyugis. Kwaya inaimba, mchungaji akaingia majini mpaka magotini, akasimama. Akatazama kilichokuwa kikipita mbele yake, akageuka, akatoka bila neno. Harufu ilitufikia hata sisi tuliokuwa nyasini. Sitakuficha: kilikuwa kinyesi.

Kila mtu alijua kilikotoka. Pale juu palikuwa na nyumba ya wageni, na shimo la choo lilipojaa, mwenye nyumba alipitisha bomba chini ya nyasi, likawa linamwaga mtoni. Mwenye nyumba huyo ni Odera, mdogo wake marehemu baba yangu. Ndiye aliyenilea. Hata kanzu ile alinishonea mkewe. Basi watu wakatazama nyasi, wakatazama mawingu, kila mahali isipokuwa usoni mwangu.

Mzee mmoja wa kanisa akashauri tupande juu zaidi, kulipita bomba, ambako maji bado ni safi. Mimi nikawa wa kwanza kushika pindo la kanzu. Ujana, mwanangu, hupenda njia inayoizunguka aibu.

Njiani tukakutana na Dani Pilista amebeba mtungi. Dani ni nyanya kwa Kijaluo, na sote tulimwita hivyo, ingawa yeye alikuwa Mkatoliki na alikaa kule chini, mto unakopinda. Akauliza tunakwenda wapi. Tukamweleza.

"Nyinyi mnapanda," akasema, "na sisi wa chini tunywe nini? Mjukuu wangu anaharisha tangu juzi." Kisha akanigeukia. "Nyathina, mtoto wangu, wewe unajua bomba ni la nani. Huyo Mungu unayemwendea huko juu atakuuliza hilo kwanza."

Hakupaza sauti. Heri angepaza. Mchungaji akasema ubatizo ungoje, tukatawanyika.

Siku hiyo sikutulia. Nilikaa, nikasimama, nikatoka nje, nikarudi. Jioni nikamwendea baba mdogo.

"Baba, bomba lile linawaletea watu ugonjwa."

"Choo imejaa," akajibu. "Gari ya kuinyonya inatoka Kisii, nimeingoja mpaka nimechoka. Nifukuze wageni? Na wewe utakula nini hapa?"

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonitesa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Ila hawakusema ufanyeje pale kinachowala wenzako ndicho kinachokulisha wewe.

Nikaanza kuzunguka na Dani Pilista. Usidhani nilikuwa jasiri. Nilikuwa siwezi tu kutulia. Tulisimama nje ya kanisa lake misa ilipotoka. Tukawaendea wauza viazi vitamu sokoni, na wenye mashamba kando ya mto, na wazee wasiosali popote. Wote walisema watakuja kwenye baraza ya chifu. Kisha, kwa sauti ya chini, wakatuomba tusiwataje majina.

Siku ya baraza walijaa kweli. Dani akaeleza habari za mjukuu wake. Chifu akauliza, "Hii paipu ni ya nani?"

 Baba mdogo alikuwa amekaa mbele, anatazama viatu vyake. Kila mmoja pale alikuwa amewahi kusaidiwa naye, hivyo hakuna aliyetaka kumtaja. Nilimtazama Dani, yeye hakunitazama, akaniachia mwenyewe. Nikasimama.

"Ni ya baba yangu mdogo," nikasema. "Mimi nalala kwake, nakula kwake. Naomba asiaibishwe peke yake. Choo imejaa na gari haiji. Tumsaidie kuchimba ingine mbali na mto, lakini paipu itoke leo."

Minong'ono ikazuka. Mtu akasema ana sururu. Mwingine akasema, kama ni hivyo, hata kwake kuna mfereji unaofika mtoni. Bomba likang'olewa jioni ile ile, na shimo tukalichimba pamoja, Waadventista na Wakatoliki. Baba mdogo naye alichimba, bila kunisalimu. Nilihamia kwa Dani, na misimu ya mvua ilipita kabla sijaitwa tena nyumbani kula. Mjukuu alipona. Nami nilibatizwa pale pale chini ya soko, masika yalipokwisha kuusafisha mto.

Hayakuishia hapo. Kiangazi kilichofuata tuliona bomba jingine, la mtu mwingine, tukaenda tena kwa chifu. Tukaweka zamu ya kutembea ukingoni. Mpaka leo mvua ikikatika siketi. Nachukua fimbo nikaangalie.

Basi sikia, mwanangu. Uchafu unaoujua ukaunyamazia ni wako. Usipande juu kutafuta maji safi ukamwacha wa chini na yaliyooza. Likiwa jambo la nyumbani kwako, litaje wewe kwanza, maana mficha uchi hazai. Litaje mbele ya mwenyewe, si mgongoni, na ukishasema, shika jembe. Wala usiende peke yako: mtu mmoja hufukuzwa, kijiji hakifukuzwi.

Nyasaye, Mungu wetu, akupe usingizi mwema usiku, na mchana akunyime utulivu kila unapoona mto unachafuliwa. Wanao wanywe wasiugue, na wana wa jirani aliye chini yako wanywe wasiugue. Nenda na amani.