Uvimbe Niliouchoma Kabla ya Hospitali

Siku ile katika chumba cha matibabu tulikuwa wanne: mimi, ndugu yangu wa miaka kumi na sita, dresa wa hospitali ya Garissa aliyetibu watu daktari asipokuwepo, na askari mmoja mlangoni na bunduki yake. Wazazi wetu walikuwa wamekufa. Mimi niliacha shule darasa la tano nilee wadogo zangu.

Ndugu yangu alikuwa na uvimbe mwekundu mkononi, ukiguswa unavuja damu. Kwenye kizuizi cha barabarani askari walimkamata wakisema ni jeraha la risasi. Mwenye jeraha la risasi aliitwa shifta, yaani mwasi wa porini, na waliochukuliwa kwa jina hilo hatukuwaona tena.

"Risasi gani inaota kama uyoga?" dresa aliuliza.

"Za huku zinaota," askari akajibu.

Mwezi uliotangulia dresa alikata kipande cha uvimbe, akakituma Nairobi kisomwe kwa hadubini. Sasa alikuwa na jibu mkononi.

"Seli zimeungua, hazisomeki. Dada, nani aliupiga chuma?"

"Mimi."

Kwetu uvimbe huchomwa kwa chuma cha moto. Mama alifanya hivyo, nami nikafanya kabla ya kumleta hospitali, nisiseme.

"Abaayo," ndugu yangu alisema, kama tunavyowaita dada zetu, "hata chuma chako kimenishtaki."

Dresa alikata tena, chini zaidi, ambako moto haukufika. Alinieleza kwamba ndani ya mishipa midogo ya damu seli hulala bapa kama mkeka. Katika ugonjwa alioushuku, ambao ni nadra, hufura na kuchomoza ndani ya mshipa. "Wakiziona hivyo huko Nairobi, si risasi, wala si saratani."

"Akitoroka kabla ya jibu?" askari akauliza.

"Nichukue mimi," dresa akasema. Akatia sahihi, ndugu yangu akalazwa.

Malori ya msafara kutoka Nairobi yalikuja bila barua ya majibu. Kila asubuhi askari alihesabu vitanda. Barua ilipofika, seli zilikuwa zimefura kama alivyosema, na ndugu yangu akaachiliwa. Dresa alikuwa amehamishwa siku mbili kabla. Nilikouliza kituo chake kipya, watu walitazama chini, kama walivyofanya tukiwauliza waliochukuliwa.

Kabla hajahamishwa nilimwuliza nitamlipa nini, akasema, "Waambie akina mama wasichome kabla ya kuleta." Garissa nimewaambia, kisima kwa kisima. Kwenda vijiji vya mbali vya Kotile na Sangailu njia ilikuwa imefungwa, na ilipofunguliwa nilikuwa na watoto wa kulisha. Huko chuma bado kinatiwa motoni, nami sijafika.