Nimepewa Staa wa Kucheza Naye, Kumbe Ni Binti wa Mwenzangu wa Rika

Habari admin. Jina langu lifiche kabisa na picha usiweke, maana mimi huku najulikana hata kwa mgongo. Ni mwanaume wa miaka 52, nina mke na watoto sita, naishi Tarime vijijini upande wa Susuni. Shule niliishia darasa la nne. Siyo kwamba sikuwa na akili, mwalimu ndiye aliyeishiwa. Nalima mahindi, ila kazi yangu hasa ni kucheza ngoma. Mnisome mpaka mwisho ndugu zangu, nimechoka.

Huku kwetu kuna shindano la ngoma ya ritungu kila mwaka, Tarime na Serengeti kwa pamoja. Kila mchezaji anapewa mtu maarufu, msanii au mtangazaji, unamfundisha wiki tatu halafu mnacheza wawili mbele ya majaji. Mimi ndiye bingwa, mara mbili mfululizo. Nikivaa vile viatu vyetu vya mbao nikaruka, naona mapaa ya Isebania kule Kenya bila pasi. Mwaka juzi pale Nyansurura nilitikisa mabega mpaka ng'ombe waliokuwa wanaenda kunywa maji wakasimama. Mchungaji akawachapa, wakagoma. Anayebisha akaulize.

Lakini ubingwa huu unachosha. Sisi tunabaki wale wale, mastaa ndio wanabadilishwa. Wa kwanza alikuwa mtangazaji wa redio, kucha ndefu kama reki, alilia siku nne kwa ajili ya viatu. Nikamfundisha, akaiva, tukashinda. Nikasema sasa nimepata mtu. Wapi! Mwaka uliofuata nikaletewa mcheza filamu ambaye hata kupiga makofi kwa mpigo hajui, nikaanza tena a e i o u. Tukashinda, ila magoti yangu yakabaki uwanjani. Bingwa aliyenitangulia mimi alipewa mchezaji wa mpira mstaafu, akatoka wa mwisho, mpaka leo sokoni anapita njia ya nyuma. Ndicho ninachokiogopa. Mke wangu ananiambia, "Baba, kombe linakaa kabatini linashika vumbi, wewe unakaa kitandani unashika magoti. Acha." Siwezi kuacha. Bila ubingwa mimi ni mzee mwenye mahindi tu.

Mwaka huu nimepewa msanii wa muziki kutoka Mwanza, binti wa miaka 26. Tunafanyia mazoezi kwenye ukumbi mmoja Sirari. Siku ya kwanza akanisalimia, "Shikamoo tata." Nikashangaa, Kikurya cha kuniita baba kimetoka wapi? Akasema baba yake ni wa huku, alihama zamani. Nikamwambia vaa viatu tuone. Jamani! Yule mtoto akaruka, akatua, akazungusha bega la kushoto kwanza halafu la kulia likafuata limechelewa kidogo. Nikakaa chini. Mzunguko ule ndio ulionipa ubingwa, na miaka yote nimetangaza kwamba niliugundua mimi mwenyewe machungani.

Nikamuuliza, "Nani kakufundisha?"

"Baba. Anasema alikuwa mkali kuliko wote wa rika lake." Akatoa simu akanionyesha picha.

Nilimjua kabla hajamtaja. Juu ya nyusi ana kovu, nilimpiga mimi kwa rungu tukiwa wadogo. Mtu huyo tulitahiriwa naye asubuhi moja, tumesimama bega kwa bega, akaninong'oneza kama kijana kwa kijana, "Mura, ukilia nakuua." Sikulia. Na huo mzunguko ni wake, alinifundisha yeye kabla hajahamia Mwanza.

Kwa wasiojua mila zetu: binti wa mwenzako wa rika, yaani mliyetahiriwa pamoja, ni binti yako wa kumzaa. Unamheshimu, unakaa mbali naye. Na ngoma yetu inaishia mwanaume na mwanamke wanatazamana, kifua karibu na kifua, wanatikisiana mabega. Na binti yako huchezi naye hivyo hata kwa bunduki. Tukiacha kipande hicho majaji wanatukata alama, hatushindi.

Kosa langu ni hili: nilinyamaza. Nimefanya naye mazoezi siku tano baada ya kuiona ile picha. Nikifika kwenye kile kipande najifanya goti limeuma, namwambia, "Hapo tutamalizia siku yenyewe." Yeye ananicheka, "Tata, bingwa gani anaumwa kila saa kumi?" Ana bidii, ana heshima, ni staa wa kwanza ambaye simbebi. Nyumbani natangaza kwamba kombe la tatu limeshafika.

Jana kaniambia baba yake anakuja Jumamosi ya shindano, atakaa mstari wa mbele. Baba huyo hajui bingwa ni mimi, maana kwenye matangazo wanatumia jina langu la ngoma. Nikimwambia binti ukweli, ngoma imekufa na mimi napita njia ya nyuma sokoni. Tena anaweza kukosa nafasi yake kwa ajili yangu. Nikinyamaza, mwenzangu atafika, ataniona nikimtikisia mabega mtoto wake, tena kwa mzunguko aliounda yeye. Kikao cha rika kikinitoza fahali nitalipa. Lile jicho lake ndilo sitaliweza.

Asubuhi hii binti kanitumia ujumbe: "Tata, baba anauliza huyo bingwa ni mtoto wa nani, anasema huenda anamfahamu. Nimjibu nini?"

Mpaka naandika hapa sijajibu. Mtakaotukana tukaneni, ila mkimaliza nishaurini: nimwambie amjibu nini?