Naetwe, Aliyetukataza Majembe

Siamini bado. Asubuhi nimepigiwa simu kwamba Naetwe hatunaye tena, na nilipokata nikajikuta natafuta namba yake nimpe hiyo habari.

Mnaonifuata humu mnanijua kwa picha za ng'ombe. Leo niwajulishe chanzo cha ng'ombe hao: rafiki yangu tangu tukiwa wasichana, kwenye kijiji cha ujamaa, huku tambarare karibu na Hedaru.

Ardhi ilikuwa tupu, jamani. Kiangazi ng'ombe wa kijiji walilamba vumbi, na kwenye mitingi wakaanza kusema wauzwe wote.

Naetwe akasimama akasema tupande nyasi. Watu walicheka hadi machozi. Tangu lini Mpare akalima majani?

Hakujali. Alinikokota hadi kando ya reli, mahali mifugo ilikuwa haifiki, tukapukuta mbegu za nyasi zetu za asili, zile zenye manyoya kama mkia wa paka. Nilijikuna wiki nzima.

Masika baragumu likapigwa, kijiji kizima kikatoka msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja. Kila mtu na jembe lake. Na mikono ikafanya ilichozoea: tukachimba mashimo, tukazifukia mbegu kama mahindi. Yakaota magugu matupu.

Mwenyekiti wa kijiji akataka eneo lipandwe mtama na ng'ombe wauzwe. Naetwe akamwamkia shikamoo kwa adabu zote, halafu akamkatalia. Akaweka rehani mtamba wake, Azimio, ng'ombe pekee aliyeachiwa na marehemu mama yake: nyasi zisipoota safari ya pili, Azimio achinjwe, wanakijiji wamle.

Nilimwambia ana wazimu. Akanijibu kwamba wazimu wake una akili kuliko busara yangu. Alikuwa na mdomo huyo!

Vuli ikafika, akatoa amri: msaragambo bila majembe. Hebu fikirini. Kwetu, kuja msaragambo mikono mitupu ni kutozwa faini, na juu yake kuchekwa. Wazee walisimama pale hawajui waweke wapi mikono.

"Sasa tunalima na nini, binti?" mwenyekiti aliuliza.

"Na kwato, baba."

Tukamwaga mbegu juu juu, tumezichanganya na mchanga, kisha tukaswaga ng'ombe wote wa kijiji wakanyage huku na huku. Mbegu ndogo vile ukiifukia umeizika. Kwato ziliigandamiza tu kwenye udongo.

Zikaota nyembamba, za kutia huruma. Watu wakaanza kuulizia nyama ya Azimio. Naetwe akazungushia miiba, akakataza hata mbuzi, akasema zinajenga mizizi kwanza. Kila jioni aling'oa magugu, na najua alikuwa anaogopa, maana alikuwa haimbi.

Masika yakapita, kikaja kiangazi. Tambarare nzima ilikuwa vumbi, kasoro pale. Nyasi zilifika kiunoni!

Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeondoa miiba. Wa kwanza kuingia alikuwa Azimio, na Naetwe nyuma yake anacheza, anapiga vigelegele hadi madereva wa malori wakasimama barabarani kuuliza harusi ni ya nani.

Hakuuzwa ng'ombe hata mmoja. Watu wa vijiji vya jirani walikuja kuomba mbegu, akawapa, na masimango akawaongezea bure. Hao ng'ombe wangu mnaowalaiki kila siku ni uzao wa Azimio.

Naetwe, nakulilia, lakini siwezi kukulilia kama mtu aliyeshindwa. Ulishinda, dada. Ulishinda mchana kweupe, kijiji kizima kinaona.

Kesho baragumu litalia kwa ajili yako, na tutakuja na majembe. Utusamehe, kazi hii kwato haziiwezi.

Tukishamaliza nitakumwagia mbegu, juu juu, kama ulivyotufundisha, nizigandamize kwa viganja vyangu mwenyewe. Na ole wake mbuzi atakayesogea pale.

Lala salama chini ya nyasi zako, bosi wangu.