Kuni za Kutoka Uvira

Kila mwaka chuo kikuu kinachonipa vibarua vya lugha hutoa kijitabu chenye muhtasari wa tafiti za walimu na wanafunzi wake. Miaka mitatu iliyopita kamati fulani iliamua kwamba, kwa kuwa Johannesburg imejaa Wakongo, Watanzania, Wakenya na Warundi, kijitabu hicho kiwe pia na kurasa za Kiswahili. Wakanitafuta mimi. Sijawahi kukutana na mtu aliyezisoma kurasa hizo. Hata mimi sikuzisoma, kama itakavyoonekana.

Kazi yenyewe naipenda. Asubuhi niko kwenye vumbi la vichuguu vya machimbo ya dhahabu na namna linavyoingia mapafuni. Kabla ya chai nimeshahamia kwenye hisabati ya mafundo ya kamba isiyo na ncha. Mchana nimo ndani ya utumbo wa nyuki, na jioni napima nyufa za zege. Kuna aliyetafiti kwato za kondoo. Kuna aliyetafiti magari yanavyofanya kwenye robot, yaani taa za barabarani, umeme unapokatika, akathibitisha kwa milinganyo ya kurasa nne kwamba hukwama. Yote haya nayapitia kama mtu anayemenya viazi vya shughuli: mkono unaenda, akili iko kwingine. Tasnifu yangu ya udaktari ilihusu ukimya katika tenzi, na niliitimiza kwa kunyamaza; mwaka wa sita chuo kiliacha kuniuliza.

Lakini kwenye mtaa wa Bertrams mimi ni Dokta. Nilipanga chumba huko miaka sita kabla ya kuhamia Hillbrow, kwenye nyumba ya fundi cherehani mmoja, mama wa Kikongo kutoka Uvira. Siku ya kwanza aliniuliza nafanya nini, nikasema nasomea udaktari wa falsafa. Kwake kusomea na kumaliza havikuwa mbali hivyo. Nilihama na cheo changu, na kila Jumapili narudi kula.

Nyuma ya nyumba yake, chini ya ukuta unaopata jua kutwa, alikuwa na mihogo kumi na mmoja. Anayeijua baridi ya mji huu atashangaa. Siri ilikuwa hii: kila mwaka, kabla ya barafu ya kwanza, mama alikata mashina pingili pingili, akazifunga kwa gazeti na gunia, akazilaza chini ya kitanda chake mpaka Septemba, kisha akazipanda upya. Mzizi wa maana haukupata nafasi ya kunenepa. Hakuujali mzizi. Alitaka majani, yale anayoyaita sombe nami nayaita kisamvu, na ambayo tumebishana namna ya kuyapika kwa miaka tisa bila mshindi.

Pingili za kwanza zilitoka shambani kwa mama yake mzazi. Alizibeba ndani ya kitenge, basi baada ya basi, akavuka nazo mipaka yote. Kwenye ule wa mwisho askari aliuliza vijiti vile ni vya nini. "Nikamuambia ni kuni," alinisimulia, "ya kupikia njiani. Akaniangalia kama mwendawazimu, akagonga muhuri." Mama yake amekwisha kufa, na shamba lile sasa wanalilima watu wasiomjua. Kilichobaki ni hiyo mihogo kumi na mmoja.

Na watoto wa mihogo hiyo. Maana mama alikuwa na desturi: mwanamke wa kwao akijifungua, au akipata nyumba, anapelekewa pingili tatu. Malvern zipo, Yeoville zipo. Nami nilipohamia Hillbrow nilipewa moja tu, kwa kuwa sina mke. Niliipanda kwenye ndoo kibarazani, ghorofa ya tisa.

Mwezi wa Machi mwaka huu, kabla hata sijanawa mikono, alinishika kiwiko na kunipeleka nyuma.

"Angalia, Dokta. Majani inajikunja."

Yalikuwa yamejikunja kweli, membamba, yana mabaka ya njano kama ukuta unaovuja. Nikasema labda maji. Alinitazama kwa huruma.

"Mai nimetia. Mavi ya kuku nimetia. Maombi pia nimetia. Sasa weye, si unafanya kazi na bale baprofesa? Bale bote, hakuna hata mmoja wa muhogo?"

Nikasema yupo bila shaka. Akanieleza anachotaka, na hakikuwa kikubwa: mwezi wa tano lazima akate pingili na kuzilaza. Kama mihogo inaumwa, apewe dawa kabla ya hapo. Kama haiponi, aambiwe. "Sitaki kulaza maiti chini ya kitanda," alisema.

Jumatatu nikaanza na mtaalamu wa mimea, bwana mpole ambaye nilikuwa nimeutafsiri muhtasari wake kwa heshima kubwa. Nilimwonyesha jani ndani ya bahasha. Akalishika kwa ncha ya kucha, akalipenda, akasema yeye ni wa mizizi. Ya mahindi. Na ndani ya mizizi ya mahindi, ana protini moja. "Juu ya udongo huwa sipandi," aliniambia, na akacheka kidogo kwa aibu, kama mtu aliyekutwa hajui jina la mke wa jirani.

Akanielekeza kwa mwanahisabati anayeshughulikia kuenea kwa magonjwa ya mimea. Huyu alikuwa Mkenya, nikafurahi, kwa kuwa sasa ningeomba kwa lugha yangu.

"Mzee, shamba langu mimi halina udongo," alisema. "Halina mwisho pia. Na mimea yote inafanana."

"Mama ana kumi na mmoja."

"Kumi na moja elfu?"

"Kumi na mmoja."

Akashika kichwa. "Eish. Hiyo si shamba, hiyo ni familia."

Alifikiri kwa dakika kadhaa, kwa dhati, naapa, kisha akauliza kama mama huwa anawagawia watu mbegu. Nikajibu kwa fahari kwamba anagawa sana, ni mkarimu. Akaandika kitu ubaoni, akakifuta, akasema nimtafute dada mmoja wa teknolojia mwenye programu ya simu inayotambua maradhi ya majani kwa picha.

Dada huyo alinipokea vizuri kuliko wote. Akapiga picha jani langu, ambalo sasa lilikuwa limekaa bahashani siku tatu. Simu ikawaza. Ikajibu kwamba huu ni mzabibu, na una afya njema.

"Imefundishwa kwa mizabibu na michungwa tu," alieleza. "Muhogo haijawahi kuuona, maskini."

Majuma yakapita hivyo, kila mmoja akinipeleka kwa mwenzake. Hakuna aliyenidharau na hakuna aliyenidanganya. Kila mmoja alijua jambo lake kwa kina cha kisima, na mihogo ya mama ilikuwa katikati ya visima. Kila Jumapili aliuliza, "Wamesemaje?" nami nikajibu kwamba wanalichunguza. Akapakua sombe, na nikala majani ya mgonjwa.

Mwishoni mwa Aprili nililetewa kijitabu kukisahihisha kabla ya kuchapwa. Ukurasa wa thelathini na kitu, kati ya kwato za kondoo na zege, nikakuta kichwa cha habari kuhusu ugonjwa wa batobato ya muhogo. Nilisoma kama kimeandikwa na mtu mwingine. Majani hujikunja na kuwa na mabaka ya njano. Ugonjwa hubebwa na inzi weupe, na zaidi ya hapo hubebwa na mkulima mwenyewe, kwa pingili. Hauna dawa. Mimea ing'olewe, ichomwe, na pingili zake asipewe mtu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Kilikuwa changu. Nilikuwa nimekiandika Januari.

Kisha nikamwandikia mtafiti mwenyewe. Alijibu siku ile ile, tena kwa wema. Alitazama picha zangu, akasema ndiyo, ndio ugonjwa wenyewe. Ila akaongeza kwamba kuna njia: maabara yake huchukua ncha ya shina, ikaipasha joto na kuikuza ndani ya chupa, na mara nyingine hutoka mche safi wa ukoo ule ule. Angefurahi kusaidia. Nitume tu kibali cha mmea kuingia nchini, kinachoonyesha ulikotoka, kwani bila hicho hawaruhusiwi kuufungulia mlango.

Nilimuuliza mama, ingawa jibu nililijua.

"Kibali ya kuni?" alisema.

Nikamsomea ukurasa wangu, nimesimama, yeye amekaa kwenye cherehani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni weye uliandika?"

"Nimetafsiri."

"Lini?"

Nikamwambia. Akaanza kuhesabu kwa vidole wanawake aliowapelekea pingili. Vidole vikaisha, akarudia mkono wa kwanza. Kisha akainuka, akasema, "Basi ng'oa weye, Dokta. Mimi nitapiga simu."

Niling'oa yote. Ilitoka bila kupigana, mizizi yake kama vidole vya mtoto. Kutoka ndani nilimsikia akisema na Malvern, akisema na Yeoville, akirudia maneno yangu karibu neno kwa neno, akiomba radhi kwa zawadi. Mmoja, nadhani, alikuwa akilia. Tulichoma chini ya ukuta. Mama alisukuma pingili ya mwisho motoni kwa mguu.

"Ule askari nilimuambia ni kuni," alisema. "Sikumudanganya."

Kisha akauliza, "Na ule wako?"

Nikasema nitaung'oa leo leo. Ilikuwa majuma mawili yaliyopita. Uko kibarazani, una majani saba, sita yamejikunja. Kila asubuhi naunywesha maji, nikijua vizuri kabisa kilichoandikwa ukurasa wa thelathini na kitu. Jumapili hii akiniuliza tena, sijui nitamjibu nini.