Nywele Zangu kwa Pensheni ya Mama

Upara wangu ulianza mapema, na sikuupokea kiutu uzima. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yalitokana nalo.

Mama ni mwalimu mstaafu wa hesabu, Mhaya wa Kagera, na tangu baba afariki anaishi na mimi mtaa wa Pasiansi. Kila shilingi ya pensheni anaiandika kwenye daftari la shule, na mwisho wa mwezi anapiga mstari mwekundu kwa rula. Mwaka jana hesabu ziligoma: salio la benki likawa dogo kuliko la daftari. Si pesa nyingi, ila kila mwezi.

Mtu mwingine angeilaumu benki. Mama amefundisha maisha yake yote kwamba jibu likikataa, kosa ni la mwanafunzi, basi akajihukumu mwenyewe.

"Kuna vitu nanunua halafu nasahau," aliniambia tukinywa chai. "Akili yangu inaondoka, mwanangu. Mama yangu naye alianza hivi hivi."

Na mimi, msomi wa familia, nikaamini. Nikaichukua kadi yake ya benki nimtunzie. Nikaanza kuongea naye polepole na kwa sauti kubwa, kama ninayemwelekeza mgeni njia ya kwenda Kigongo. Nikampigia simu mdogo wangu wa kike aliyeko Bukoba, tukajadili hospitali kwa huzuni ya watoto wema. Ungetusikia ungetusifu.

Mdogo wangu akashauri tuchukue taarifa ya benki ya mwaka mzima, tujue mama hununua nini. Tukaenda asubuhi, mama kabeba daftari lake. Mhudumu wa kaunta, binti mpole, alimwamkia mama shikamoo, akachapa karatasi, akapitisha kidole. Jina moja la kampuni ya nje, tarehe ile ile, kila mwezi. Hakuna aliyelijua.

"Haya ni manunuzi ya mtandaoni," alisema. "Mama, kadi uliwahi kuiweka kwenye simu?"

"Simu yangu ni ya kitochi."

"Na kwenye simu ya mtu mwingine?"

Nikadakia kwamba niliwahi kuiweka kwenye yangu, siku moja tu, nikimnunulia mama kitabu cha mafumbo ya hesabu. Nilisema kwa kujiamini, maana kitabu hulipiwa mara moja. Mhudumu akaniomba nifungue sehemu ya malipo, palipoandikwa usajili. Nikafungua pale pale juu ya kaunta.

Ilikuwa programu ya kuotesha nywele kwenye picha. Siku tatu za kwanza bure. Nilijiotesha afro, nikajiotesha rasta, nikajipenda sana, kisha nikaifuta kabla siku hazijaisha nikidhani tumeachana. Mhudumu akanieleza polepole, na kwa sauti kubwa kidogo, kwamba kufuta programu hakufuti usajili, lazima uusitishe mwenyewe. Kwamba jina linalotokea benki mara nyingi ni la kampuni, si la programu. Na kwamba kadi ikishahifadhiwa kwenye simu, kila unachokikubali kinakatwa humo hadi uiondoe. Nilistahili ile sauti.

Nikasitisha usajili, nikaiondoa kadi. Mama wala hakuwa akitazama simu. Alikuwa akilinganisha karatasi na daftari, mwezi kwa mwezi, midomo ikicheza.

"Kwa hiyo hesabu zangu ziko sawa?" aliuliza.

"Ziko sawa, mama. Zote."

Akavua miwani, akalia pale kaunta, na watu wa foleni wakaanza kuangalia dari. Mimi nilitamani anizabe kofi mbele yao, ingekuwa nafuu. Nilimwomba msamaha, nikamwambia nitarudisha hela yote, hata leo hii.

"Hela utarudisha," alisema akijifuta kwa khanga. "Mwaka mzima nimekuwa nikiamka, na kabla sijashuka kitandani nalitafuta kwanza jina lako kichwani, nione kama bado lipo."